Komwe ya Mia na Ishirini

Miaka minne mizima, ukipita mtaa wa Kiponda, Unguja mjini, baada ya adhuhuri, ungemkuta mwanamke amekaa kwenye ngazi anashona kofia, sindano inakwenda na midomo inahesabu. Huyo ndiye Bi Mwatum, na mimi Mize nnakwambia usimcheke. Watoto wa mtaa walimtia jina, mama zao wakasikia wasiwakemee. Kefule! Mama zao hao hao ndio waliokula pilau ya Bi Mwatum wakaramba na vidole. Kuhesabu si ajabu kwa mshona kofia, maana kofia ya viua ukikosea kitobo kimoja mstari wote unapinda. Lakini ungemsogelea ungesikia kwamba hesabu yake haikuwa ya viua. Alikuwa akifika mia na kumi na tisa, ananyamaza, anaangalia mlangoni, kisha anaanza tena kwenye moja.

Najua alikuwa akitafuta nini, kwa sababu nlikuwepo tangu mwanzo. Na kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia anyamaze.

Mwatum binti Simai ni mtu wa Tunguu. Wazee wao walikufa yeye hajavunja ungo, na aliyemlea ni kaka yake Jaku, mwashi, ambaye alikuwa akiacha kula yeye ili mdogo wake ale. Jaku ndiye aliyemleta mjini, na ndiye aliyemwoza kwa mfanyakazi mwenziwe, Borafya, fundi wa chokaa. Sasa mtu kama huyo akikwambia kaka yake hakosei, utabishana naye? Mimi nlijaribu mara moja, tukakaa wiki mbili hatusemezani na tunapika jiko moja.

Borafya alikuwa kinyume cha mkewe. Mtu mpole, mikono imechubuka kwa chokaa, ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu kwa kichwa. Starehe yake ilikuwa moja tu, bao. Kila siku akishaswali alasiri aliteremsha bao lake na mfuko wa komwe, zile mbegu za kijivu ngumu zinazochezewa, akakaa barazani na rafiki yake Machano, seremala wa milango, wakacheza mpaka magharibi. Yeye na Mwatum hawakujaaliwa mtoto, na Borafya hakumsimanga mkewe kwa hilo hata siku moja.

Baada ya Mapinduzi walipewa vyumba vya juu katika nyumba ya Kiponda ambayo wenyewe waliondoka sitini na nne wakaacha kila kitu. Palikuwa na saa ya ukutani iliyosimama, na kioo, na mitungi miwili mikubwa ya kichina juu ya ngazi. Chini ndiko lilikokuwa tawi letu la Chama, na mimi nlipewa chumba cha nyuma. Siku ya kwanza nlimwambia Mwatum, "Shoga, vitu vya watu hivi, vitoe." Akanijibu, "Watu wenyewe wako wapi?" Akaipangusa ile saa, na akaendelea kuipangusa kila Ijumaa ijapokuwa haitembei.

Mwaka wa sitini na sita mwenyekiti wetu wa tawi alihamishiwa Pemba, na kiti chake wakakitaka watu wawili, Jaku na Machano. Wote wawili watu wa Chama, wote walikuwa wakilala tawini siku za dhiki, wakila mkate mmoja. Ungedhani wataelewana. Ala! Kabla ya wiki kwisha mtaa ulikuwa umepasuka. Wanawake wa upande wa Machano walitoka na kanga sare imeandikwa MWENYE CHAKE HAJIFICHI. Mwatum akazunguka maduka ya Darajani yote, na siku ya tatu sisi wa Jaku tukawapita mlangoni na yetu, UTANGOJA MPAKA UCHOKE. Mtu akienda mazikoni huangalia kwanza nani amekaa upande upi. Na mimi nlikuwemo, tena mbele, sina haja ya kukuficha.

Borafya alifuatwa na wote wawili. Jaku alimwambia, "Shemegi, mimi si wa kukuomba." Machano alimwambia barazani, komwe mkononi, "Yakhe, mimi sikuombi, lakini najua." Kote alijibu Inshallah.

Kura ya kunyoosha mikono ingeleta ngumi, na wengi wetu kusoma hatujui. Katibu wetu, Bwana Muhiddin, akatoa shauri: kila mwanachama apewe komwe moja, aingie nyuma ya pazia, aitie katika mtungi wa amtakaye. Mitungi ikateremshwa ile ile ya kichina, mmoja ukafungwa kitambaa chekundu wa Jaku, mmoja cheupe wa Machano. Ili asije mtu na komwe zake za nyumbani, Mwatum akapewa kazi ya kuzitia alama, maana mkono wake ni wa mshona kofia. Akazichoma kwa sindano ya moto, kila moja nukta nne, mfano wa kiua. Zilikuwa mia na ishirini kamili, na mimi nlizihesabu pamoja naye.

Siku ya kura nlisimama kwenye safu nyuma ya Borafya. Alipoingia pazia alikaa, akakaa, mpaka mtu mmoja akapiga kelele, "Wewe, huko ndani unacheza bao?" Tukacheka sote. Borafya alitoka hakucheka, mkono mmoja umo mfukoni mwa koti.

Muhiddin akamwaga komwe juu ya jamvi, akahesabu. Machano sitini. Jaku hamsini na tisa. Akahesabu tena, akahesabu mara ya tatu, akaipindua mitungi, akaingiza mkono mpaka begani. Mia na kumi na tisa. Moja haipo.

Mwatum alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka nywele zinanisimama. "Wezi! Mmeitoa ya kaka yangu!" Maana ingekuwepo hiyo, ingekuwa sitini kwa sitini, na kura ingerudiwa. Akamnyooshea kidole Muhiddin, "Kikulacho ki nguoni mwako! Jikung'ute tukuone!" Muhiddin, masikini, alivua koti mbele za watu akalikung'uta. Machano naye akavua lake. Borafya alikuwa amesimama pale mlangoni na koti lake mwilini, na hakuna aliyemwambia alivue. Nani angemshuku Borafya?

Machano akakalia kiti, na Chama katika mtaa wetu kikawa viwili. Jaku hakukanyaga tena tawini. Waashi wake wakakataa kufanya kazi na maseremala wa Machano, nyumba za watu zikabaki hazina madirisha. Sisi wanawake tukawa tunateka maji mfereji wa Malindi, mbali kote kule, ili tusikutane na wale. Habari zikawafika wakubwa. Wakatuma neno: Shaaban isimalizike ila tumekaa pamoja, tumesameheana, tumekula karamu ya vunja jungu sinia moja na Ramadhani ikatukuta kitu kimoja, la sivyo tawi litafungwa.

"Umoja gani na mwizi?" akasema Mwatum. Akavaa buibui lake. "Mize, nifuate Mkokotoni."

Nlijua anakwenda kufanya nini. Halbadiri anaijua kila mtu wa Unguja. Umeibiwa na mwizi humjui, unakwenda kwa mwalimu, anakusanya wanafunzi wake, yanasomwa majina ya watu wa Badri na yule aliyetenda anashitakiwa kwa Mungu. Masheikh wengine wanasema si jambo la kufanyia mchezo, wengine wanasema si jambo la kufanywa kabisa. Haimtaji mtu jina. Humtafuta yenyewe.

Mwalimu Mkadam wa Mkokotoni alitupokea baada ya swala ya adhuhuri, akamsikiliza Mwatum mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamuuliza, "Mwizi wenu mnamjua?"

"Namshuku."

"Sikukuuliza kushuku. Binti Simai, hii haina upande. Haimjui Jaku wala Machano. Maneno yako ni yapi?"

Mwatum hakusita. "Aliyeichukua komwe ile, awe nani, awe wapi, mkono wake usinyanyuke na ulimi wake usinene, mpaka aseme."

Mwalimu akamwangalia. "Ulimi usinene mpaka aseme? Atasemaje?"

"Ajue mwenyewe."

Ikasomwa. Mimi ndiye niliyeshika chetezo, moshi wa ubani unaniingia machoni, na kila walipofika mwisho nliitikia Amin kwa sauti. Nlikuwa na hasira. Nlimwona Muhiddin mbele ya macho yangu, mkono umemkauka, na moyo wangu ukaburudika. Mungu anisamehe.

Tuliporudi tulimkuta Borafya anakula muhogo wa nazi. Mwatum hakuvua hata buibui, akakaa mbele yake akamhadithia yote, kwa furaha, kama mtu anayetoka harusini. Maneno aliyoyasema kule aliyarudia moja moja. Borafya akaacha kutafuna.

"Na ikishasomwa, haifunguliwi?" aliuliza.

"Hufunguliwa. Mwizi ajitokeze mbele za watu aseme, nami nimsamehe mbele za watu."

Borafya akanawa mikono. "Mbona huli?" mkewe akamuuliza. Akajibu, "Nimeshiba." Sahani ilikuwa imejaa.

Huwa nagombana naye Borafya, huko huko aliko. Mbona hukumwambia mkeo pale pale, mwanamume wewe? Lakini namjua Mwatum wa siku zile. Angepiga kelele Kiponda nzima ikasikia. Na mimi nlikuwa nimejikalia pale pale kitako, na mdomo wangu nao ulikuwa unajulikana. Angesema vipi? Basi akangoja siku ya watu.

Siku ya watu ikafika. Vunja jungu ile haijapata kuonekana tena mtaani kwetu. Mwatum mwenyewe alipika, na kwa hasira zake zote hakuweza kupika vibaya. Mkubwa mmoja wa wilaya alikuja, akahutubia kuhusu umoja, tukapiga makofi. Jaku na Machano wakakalishwa sinia moja wakalishana tonge, huyu kwa mkono wa huyu, na wazee wakatokwa na machozi. Kisha watu wakawa wanasimama mmoja mmoja, kila mmoja anasema, "Nimesamehe, na mimi nisameheni, duniani na akhera." Ilipofika zamu ya Mwatum akasema vizuri kabisa, sauti imenyooka. Alipokaa akaninong'oneza, "Ila komwe yangu bado."

Hapo Borafya akasimama. Mtu ambaye katika maisha yake hajafungua mdomo mkutanoni.

"Jamani," akasema, "mimi nna neno."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mkono wake ulikuwa unaingia mfukoni. Na Mwatum alidhani, wallahi alidhani, mume wake anakwenda kumsifu Machano mbele ya kaka yake, amtie aibu siku ile ya watu wote. Akanyoosha mkono akaushika upindo wa kanzu, akauvuta kwa nguvu. "Kaa kitako! Leo ndiyo siku uliyoichagua kutuaibisha?"

Machano akasema kutoka kule, "Mwacheni aseme."

Lakini Borafya alikuwa amekwisha kumwangalia mkewe. Mkono ukatoka mfukoni mtupu. "Basi," akasema. "Nlitaka kusema wali mtamu."

Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Mimi nlicheka kuwashinda.

Ramadhani kumi la mwisho Borafya alikuwa juu ya jukwaa anapaka ukuta na Jaku. Jaku aliona ndoo imemtoka mwenziwe, chokaa ikamwagika njiani. Alipomshika, mkono wa kulia ulikuwa umelala na mdomo umekwenda upande. Wakamleta nyumbani amebebwa. Mkono haunyanyuki, ulimi hauneni.

Mwatum aligeuka rangi. Alinivuta nje, akanishika mabega akanitikisa. "Mize, maneno yangu! Maneno yangu yale!"

"Toba!" nikamwambia. "Maradhi haya, shoga, maradhi ya watu wote. Borafya na wizi wapi na wapi?" Akakubali, kwa sababu alitaka kukubali. Na mimi nliamini, au nlijilazimisha, siku hizi sijui tena.

Borafya akakaa kitandani wiki sita. Kila Mwatum akiingia, alinyanyua mkono wa kushoto akaonyesha ukutani, pale lilipotundikwa bao na mfuko wake. Anaonyesha, anatoa sauti kooni, machozi yanamtoka. Mwatum akasema, "Masikini, anataka kucheza." Akajishusha, yeye mwenyewe, akaenda kwa Machano ambaye hakuwa amemsemeza tangu vunja jungu, akamwomba aje. Machano akaja mbio na bao lake kutoka barazani, akalilaza kitandani, akawa anamchezea na zamu zake. "Haya yakhe, zako hizi, unanifunga leo." Borafya akausukuma ubao ule kwa mkono wa kushoto komwe zikatawanyika chumba kizima. Akaonyesha tena ukutani. Hatukuelewa. Watu watatu tulikuwemo chumbani na hakuna aliyenyanyuka akauteremsha mfuko ule.

Alifariki mwezi wa mfungo pili. Aliyeshuka kaburini kumpokea ni Jaku upande mmoja na Machano upande wa pili, na walipotoka na udongo miguuni walishikana wakalia wasiachane. Tangu siku hiyo tawi letu halikugombana tena. Jaku akakubali kuwa makamu wa Machano, madirisha ya watu yakatiwa, na wanawake tukarudi mfereji wa karibu. Umoja ambao pilau haikuuleta, jeneza la Borafya liliuleta. Wakubwa wakatutaja kwa mfano mzuri.

Mwatum akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Alipotoka alisema bao la marehemu apewe Machano, ndilo kumbukumbu yake. Nlikuwa jikoni. Nlisikia komwe zinamwagika juu ya sinia, nikasikia anazihesabu, maana bao huwa na komwe sitini na nne na hakutaka kumpa mtu pungufu. Kisha hesabu ikakatika. Nikaita, "Mwatum!" Nikapanda.

Alikuwa amekaa chini, sinia mapajani, komwe moja katika kiganja. Ilikuwa ya sitini na tano. Akanigeuzia niione, na nikaziona nukta nne, kiua kidogo kilichochomwa kwa sindano yake mwenyewe.

"Mize," akasema taratibu, "hakutaka kusema wali mtamu."

Sote wawili tulielewa mara moja. Hakuiba. Alisimama nyuma ya pazia na komwe moja, mbele yake mtungi wa aliyempa mke na mtungi wa rafiki yake wa kila siku, na hakuweza kumkata hata mmoja. Akaitia mfukoni. Alidhani komwe moja haitamdhuru mtu.

Tulirudi Mkokotoni. Mwalimu Mkadam alikuwa amezeeka ghafla, au ni sisi tulimwona hivyo. Akaiangalia ile komwe hakuigusa. "Maiti hasemi," akamwambia Mwatum. "Lakini wewe ulimi unao. Nenda kaseme mbele ya wale wale uliowashuku kwamba mwizi hakuwepo, na kwamba ulishitaki kwa dhana. Mpaka hapo, yeye bado ameshitakiwa. Hatapumzika, na wewe pia."

Mwatum alikuwa tayari kushuka garini akaseme jioni ile ile. Mimi ndiye niliyemzuia, tumekaa kwenye gari ya shamba baina ya matenga ya samaki. Nikamwambia nyamaza. Nikamwambia kaka yako sasa ni makamu, utamvunjia. Watu watasema umemuua mumeo kwa mdomo wako. Chama kitauliza ni nani aliyekwenda kuwasomea wenziwe Halbadiri kisha akakaa akala nao pilau ya suluhu. Umoja huu umepatikana kwa taabu, shoga, usiuchimbe. Maneno mazuri sana. Lakini moyoni nlikuwa na neno moja tu: na mimi niliyeshika chetezo je?

Akanyamaza. Ndipo ikaanza ile miaka minne.

Kila ifikapo alasiri, saa ya bao, Mwatum alisikia komwe zinagongana juu ya ngazi, pale iliporudishwa mitungi. Tak, tak, tak, kisha zinasita, kama mchezaji anayesubiri mwenziwe acheze. Alikuwa akiniambia na mimi namjibu ni panya. Siku moja akasema saa ya ukutani imetembea. Nikapanda nikaiangalia, imesimama pale pale ilipoachwa na wenyewe. "Labda wao ndio walioshitaki kwanza," akaniambia huku anaitazama mitungi. "Wenye nyumba. Labda sisi tumejiongezea tu." Nikamwambia asiropokwe. Aliacha kula wali. Akawa anahesabu ngazini, mia na kumi na tisa, anaangalia mlango, anaanza tena.

Na mimi nlizisikia zile komwe. Haya, nshasema. Nlizisikia tangu mwezi wa kwanza, nimelala chumba changu cha nyuma mchana kweupe, na nikajifunika mto masikioni nikamwachia mwenzangu abebe peke yake.

Mwaka wa sabini na moja ukaja uchaguzi mwengine wa tawi. Jaku na Machano wakasimama tena, na safari hii walikuja wameshikana mikono, wanataniana. Lakini vijana wao, wallahi, hawakujifunza kitu. Kanga zikatoka tena, watu wakawa wanajibizana kwa vijembe mfereji kwa mfereji, na matumbo yao yana muhogo mtupu, maana mwaka ule mchele ulikuwa wa kusikia tu. Muhiddin akazitoa komwe za zamani, mia na kumi na tisa. Mwatum akapewa azichome nyengine kumi na tano, alama ile ile, kwa wanachama waliozidi. Jumla mia na thelathini na nne. Mimi nlimwona anavyozichoma. Mkono wake haukutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha.

Tukapiga kura. Muhiddin akamwaga, akahesabu. Machano sabini na mbili. Jaku sitini na tatu. Akaanza kutangaza, kisha akakunja uso, akajumlisha tena kwa vidole. Mia na thelathini na tano. Imezidi moja.

Ukumbi ukachafuka. "Kuna mtu katia mbili!" "Wizi wenu ule ule wa mwaka ule!" Watu wakasimama, viti vikaanguka, Jaku anasema tulieni hakuna anayemsikia. Msichana mmoja wa upande wa Jaku, mkali, sauti kali, nikamwona kama ninayejiona mwenyewe, akapanda juu ya benchi. "Isiwe taabu! Twendeni Mkokotoni ikasomwe, tutamjua tu!"

Mwatum akasimama.

"Jamani," akasema, "mimi nna neno."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Sikuutuma. Nlikuta nimeshika upindo wa kanga yake, nimeukunja kiganjani, navuta. Akageuka akaniangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mize," akasema, "tumeshamkalisha mmoja."

Nikauachia.

Akasema yote. Hakupamba, hakulia. Alisema komwe iliyozidi ni ya Borafya Khatibu, imechelewa miaka mitano. Alisema ilikuwa wapi, na nani aliyemvuta kanzu alipotaka kuitoa. Akasema maneno aliyomsomea nayo, mkono usinyanyuke na ulimi usinene, akayasema mbele ya Muhiddin, na Muhiddin akashika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. "Leo yangu nimempa kaka yangu," akasema. "Yake nimempa rafiki yake. Mwizi hakuwepo, siku ile wala leo. Nlishitaki kwa dhana. Nisameheni, na Borafya mwacheni apumzike."

Muhiddin akaondoa komwe moja katika fungu la Machano kwa vidole viwili. Sabini na moja kwa sitini na tatu. Haikubadilisha kitu. Machano alikuwa ameinamisha uso ndani ya kofia yake, mabega yanamtikisika.

Jaku alikuja mpaka mbele ya dada yake. Nlidhani atampiga. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kule Mkokotoni ulikwenda na nani?"

Mwatum hakunitazama. "Nlikwenda peke yangu, kaka."

Nikasimama. "Muongo huyo," nikasema. "Chetezo nlikishika mimi."